Ikama ya Shule: Tunahesabu Vichwa au Tunahesabu Kazi?

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa uamuzi ambao tangu hapo umejulikana kwa jina la Azimio la Musoma. Kabla ya hapo mipango ya Taifa ilitazamia kwamba nafasi ya elimu ya msingi kwa kila mtoto ingepatikana ifikapo mwaka 1989. Azimio lilikataa kungoja. Liliagiza kwamba lengo hilo litimizwe ifikapo Novemba 1977. Tunapolikumbuka Azimio hili kwa kawaida tunakumbuka idadi ya watoto: kutoka milioni 1.2 hivi mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 kufikia mwaka 1980. Hatuna sababu ya kuionea haya hesabu hiyo. Lakini Azimio lilikuwa na upande wa pili ambao haukumbukwi sana, hasa na wale wanaopanga ikama za shule katika mkoa uleule wa Mara ambako lilitolewa. Upande huo ni swali la nani atakayefanya kazi ndani ya shule hizo.

Jibu la wakati ule lilikuwa na kasoro, lakini lilikuwa jibu. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini mwao wakawa walimu wanafunzi. Sehemu ya siku walifundisha, na sehemu nyingine walijifunza ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, wakisaidiwa na wakufunzi, kisha wakamalizia kwa muda mfupi chuoni. Hadi katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya walimu 35,000 walikuwa wamehitimu kwa njia hiyo. Baadaye watu walizigeuza herufi za UPE kuwa dhihaka, na mwalimu wa UPE akachekwa hata na wale aliowafundisha kusoma. Hatukusudii kuyaficha mapungufu ya mafunzo yale. Tunachosema ni kwamba waliopanga walielewa jambo moja la msingi: uandikishaji usio na mtumishi ni orodha ya majina tu. Kwa hiyo watoto na walimu walitafutwa kwa pamoja.

Kosa lao lilikuwa mahali pengine, na ndilo tulilolirithi. Shule ya UPE ilipangwa kana kwamba shule ni mwalimu, watoto na ubao. Nani atatunza stoo, nani atalinda madawati usiku, nani atapika uji, nani ataandika vitabu vya fedha, nani atakaa na mtoto anayeumwa, hayo hayakuwekwa katika hesabu. Yaliachwa yaangukie kwa mwalimu, kwa wanafunzi na kwa kijiji. Shule ilipokuwa na watoto 200 na vitabu vyake vya fedha vilikuwa daftari moja, mzigo huo ulibebeka.

Sasa tuitazame hali halisi. Baada ya miaka migumu ya 1980, michango ya wazazi iliporudishwa na uandikishaji ukaporomoka, na baada ya ajira serikalini kubanwa katika miaka ya 1990 kwa masharti ya kurekebisha uchumi, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulifuta ada kuanzia 2002 na watoto wakajaa tena shuleni. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Katikati ya mwaka huohuo ajira mpya zilisimamishwa ili watumishi hewa wahakikiwe, na Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa wa haki. Lakini mtoto aliyeandikishwa Januari 2016 hakusimamishwa kukua ili angoje uhakiki uishe. Mkoa wa Mara ulikuwa na watu milioni 1.74 katika Sensa ya 2012. Katika Sensa ya 2022 ulikuwa na milioni 2.37.

Mwaka 2021 na 2022 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Yeyote aliyepita Musoma, Bunda au Butiama wakati ule aliona mabati mapya yaking'aa. Kazi hiyo ilifanywa kwa haraka na kwa nidhamu ambayo hatukuizoea. Ila darasa hujengwa mara moja na fedha zake huisha; mtumishi hulipwa kila mwezi mpaka astaafu. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kuzindua jengo kuliko kuzindua mshahara.

Watetezi wa hali ilivyo hutujibu kwa uwiano. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wilaya ikikikaribia taarifa huandikwa kwamba hali inaridhisha. Hapa ndipo tunapotaka kusimama kwa muda, kwa sababu kosa hili ni la kinadharia kabla ya kuwa la kiutawala.

Tuchukue mfano wa shule kubwa ya mjini yenye wanafunzi 1,350 na walimu 30. Uwiano ni 1:45 kamili, na hakuna mthibiti ubora atakayeilaumu. Ili kila darasa liwe na watoto 45, shule hiyo itakuwa na mikondo 30. Kila mkondo ukiwa na vipindi 8 kwa siku, ni vipindi 40 kwa juma, yaani vipindi 1,200 kwa shule nzima. Gawanya kwa walimu 30. Kila mwalimu, pamoja na mwalimu mkuu, itabidi afundishe vipindi vyote 40, tangu kengele ya kwanza Jumatatu mpaka ya mwisho Ijumaa, bila kusahihisha daftari wala kuandaa somo, na asiugue hata siku moja. Tunajua kwamba madarasa ya chini yana vipindi vichache na vifupi. Mwenye kutaka apunguze, hoja haitaanguka.

Kwa kuwa hilo haliwezekani, shule hufanya linalowezekana. Tuseme mwalimu wa kawaida anaweza kufundisha vipindi 27 kwa juma na kuvifundisha vizuri. Tuseme pia kwamba kwa kazi za ofisi, fedha, stoo, takwimu, likizo ya uzazi, masomo na ugonjwa, shule inapoteza nguvu ya walimu sita. Wanabaki 24. Hao wanaweza kubeba vipindi 648, ambavyo vinatosha mikondo 16. Watoto 1,350 katika mikondo 16 ni watoto 84 kwa darasa. Hivi ndivyo taarifa inavyosema 45 na darasa likasema 84, na wote wawili wasiwe waongo. Ukitaka darasa la watoto 45 kwa kweli, vipindi 1,200 kwa mwalimu wa vipindi 27 vinadai walimu zaidi ya 44 wanaofundisha, na ukiongeza uongozi unapata 45 au zaidi. Yaani mwalimu mmoja kwa watoto 30. Uwiano wa 1:45 ni kipimo cha vichwa viwili vya hesabu, walimu kwa watoto, na hauelezi kabisa kazi inayofanyika kati yao.

Hivi karibuni tulitembelea shule moja ya msingi wilayani Bunda, si mbali na barabara kuu iendayo Sirari. Tulifika saa tatu asubuhi. Mwalimu mmoja alikuwa ofisini akiingiza taarifa za wanafunzi kwenye mfumo kwa kishikwambi, vile vilivyogawiwa baada ya Sensa. Wa pili alikuwa amekwenda mjini benki na kufuatilia risiti ya bidhaa zilizonunuliwa. Wa tatu alisimama jikoni akipima unga wa uji, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Wa nne alikuwa amempeleka zahanati mtoto aliyeanguka. Walimu wote wanne walikuwa kazini. Hakuna mtoro hata mmoja kati yao, na mkuu wao angeweza kuapa hivyo. Katika madarasa manne kiranja alikuwa amesimama mbele akiandika ubaoni majina ya wanaopiga kelele. Orodha zilikuwa ndefu.

Kazi hizi zimeongezeka, hazikupungua. Tangu mwaka 2017 shule inatunza hesabu zake kwa mfumo wa FFARS. Tangu 2023 manunuzi yanapaswa kupita katika mfumo wa NeST. Nia ya mifumo hiyo ni njema: kuziba mianya ya wizi na kuiwezesha jamii kujua fedha zilikokwenda. Lakini aliyeleta mfumo wa mhasibu hakuleta mhasibu. Mwalimu aliyesomea kufundisha Kiswahili au Hisabati anafundishwa kwa siku chache kuwa karani wa fedha, kisha akikosea anaandikiwa barua ya kujieleza kama mhasibu. Tangu 2016 walimu wakuu wamepewa posho ya madaraka, jambo tulilolipokea kwa furaha. Posho hiyo haikumpa mwalimu mkuu karani hata mmoja.

Sasa tuje kwenye hoja ambayo hutumiwa sana katika mikutano, na ambayo inatuhusu moja kwa moja sisi tunaoandika na kusoma kurasa hizi. Wako wanaodai kwamba kuajiri wapishi, walinzi na makarani katika shule za wananchi ni kurudisha anasa ya kikoloni, na kwamba siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilikwisha kulikataa jambo hilo. Hoja hii ina sura ya kimapinduzi. Tukiichunguza tunaona kwamba ni uvivu wa bajeti uliovaa vazi la itikadi.

Ni kweli kwamba andiko la Mwalimu Nyerere lilihoji haja ya kuajiri wafagiaji na watunza bustani. Lakini lilihoji wapi, na kwa nani? Lilizungumzia hasa shule za sekondari za bweni za wakati ule, zilizokuwa na vijana wa miaka 14 na zaidi, wachache waliobahatika, ambao Taifa lilikuwa linawalipia kila kitu na ambao walikuwa hatarini kujiona mabwana. Kufagia bweni kulikuwa somo kwa kijana yule, kwa sababu kulimrudisha katika maisha ya wazazi wake. Kwa mtoto wa mvuvi wa Majita au wa mkulima wa Butiama, ambaye amechota maji na kuchunga ndama kabla ya kuja shule, hakuna kasumba ya ubwana ya kuponya. Tena andiko lilizungumzia kazi ya wanafunzi. Halikusema mahali popote kwamba mwalimu awe mhasibu, mlinzi na muuguzi. Kazi inayofunza ni sehemu ya elimu: shamba la shule, miti, usafi wa darasa, hata kuhesabu magunia ya mavuno. Kazi inayoziba pengo la ajira tu haifunzi mtu, nayo hula kipindi cha Hisabati. Asiyetofautisha aina hizi mbili za kazi hajaielewa siasa anayoinukuu.

Na kwa vitendo kujitegemea kwenyewe kumekuwa nusunusu. Tangu MMEM ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2002 zilikuwa sawa na dola 10 za Marekani hivi. Leo hazifiki dola 5. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, shilingi 6,000 zilipangwa kufika shuleni na 4,000 kubakizwa kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto. Shule yetu ya mfano yenye watoto 1,350 inapata shilingi 675,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo na utawala. Hapo hapana mshahara wa mlinzi wala wa mpishi. Wanaolipwa wanalipwa kwa michango ya wazazi, kwa debe la mahindi na shilingi chache, na mlinzi asipolipwa miezi miwili huondoka na tochi yake. Mwaka 2018 agizo lilipotolewa hadharani kwamba walimu wasipokee michango, walimu wakuu wengi waliona heri wasiguse jambo hilo kabisa. Tulielewa sababu ya agizo: wazazi walikuwa wamechoshwa na michango isiyo na mwisho, na watoto walirudishwa nyumbani. Ila kazi zilizokuwa zikilipwa kwa michango ile hazikufutwa pamoja nayo.

Majirani zetu wa upande wa pili wa Sirari walifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Katika fedha walizotoa kwa kila mtoto waliweka fungu ambalo shule iliruhusiwa kulipia mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Fungu hilo halikutosha, na Kenya ina matatizo yake mengi ya walimu wanaoajiriwa na bodi za shule. Tunalitaja kwa sababu moja tu: waliokaa kuandika bajeti walikumbuka kwamba mtu huyo yupo.

Ziko shule ambako jambo hili si la urahisi wa kazi bali la usalama. Mwisenge, mjini Musoma, ambako Nyerere aliingia mwaka 1934 akitokea Butiama, inajulikana pia kwa kupokea watoto wasioona. Shule yoyote ya namna hiyo inahitaji matroni na watu wa kuandaa maandishi ya nukta nundu kama vile inavyohitaji mwalimu. Usiku wa bweni hauna kipindi, na mwalimu aliyekesha hafundishi asubuhi. Katika baadhi ya kata za mkoa huu, msimu wa ukeketaji unapokaribia, mtoto wa kike hukimbilia kwa mwalimu wake kwanza. Mwalimu wa malezi anampokea kwa moyo wake, hana mafunzo ya ustawi wa jamii wala saa iliyotengwa katika ratiba. Kuhusu sekondari za kata tuseme kwa kifupi: wananchi walihimizwa hadi 2015 kujenga maabara tatu kila shule, wakachanga na kubeba mawe, na kwingi kilichokosekana ni fundi sanifu wa maabara, hivyo mwalimu mmoja wa Kemia huosha chupa, huchanganya dawa na kufundisha. Wazee wanaokumbuka walimu waliopelekwa sekondari katikati ya miaka ya 2000 kwa mafunzo ya wiki chache, wale walioitwa Voda Fasta, watakubali kwamba hii si mara ya kwanza jengo kutangulia mtu.

Hatuwezi kuyasema haya yote bila kujikosoa sisi wenyewe. Walimu tulio nao hawagawanywi kwa haki. Shule za Musoma mjini na za kandokando ya lami hupata walimu kwa urahisi kuliko zile za mwambao wa ziwa na visiwani, na sababu haiko katika ramani peke yake. Wengine hufuata wenzi wao, jambo la kibinadamu. Wengine hufuata vimemo, na vimemo huandikwa na watu wenye vyeo, wakiwemo viongozi ambao mkutanoni huhimiza walimu wakubali kufanya kazi popote. Pia wako walimu wanaozipenda kazi za ofisi kwa kuwa zinawatoa darasani; ukimletea karani atanung'unika kwamba amenyang'anywa cheo. Na kuna desturi ya kuigawa shule iliyojaa kuwa A na B katika kiwanja kilekile: kwa siku moja tunapata walimu wakuu wawili, wasaidizi wawili, vitabu vya fedha viwili, na walimu wa darasani wamepungua.

Tunajua jibu la mwisho: fedha hakuna, na zikipatikana waajiriwe walimu kwanza. Hesabu ya hapo juu inalijibu. Ikiwa karani wa fedha, mtunza stoo na mlezi wa afya wanaweza kurudisha darasani nguvu ya walimu watatu kati ya sita waliopotea, shule ile inapata mikondo 18 badala ya 16, na darasa linashuka kutoka watoto 84 hadi 75. Bado ni darasa baya. Lakini limepatikana kwa watumishi ambao mshahara wa kila mmoja wao ni mdogo kuliko wa mwalimu. Wala si lazima kila shule ndogo ya Butiama iwe na mhasibu wake. Kata ina afisa elimu mmoja anayezungukia shule zote. Mhasibu mmoja wa kata angeweza kufanya vivyo hivyo, na walimu wa fedha wa shule zote za kata wakarudi kwenye chaki. Mlinzi na mpishi wawe katika ikama ya halmashauri kwa majina na kwa mshahara.

Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama hupitisha makisio kila mwaka, na kila mwaka huletewa jedwali la uwiano wa walimu na wanafunzi. Tunapendekeza kwamba safari hii wadai ratiba kuu ya kila shule iwekwe mezani kando ya jedwali hilo, pamoja na orodha ya nani ana ufunguo wa stoo, nani anaandika vitabu vya fedha na nani analala shuleni usiku. Ratiba kuu hubandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu wa taaluma. Diwani akienda kuisoma aende siku ya kazi, saa tatu asubuhi, kisha apite darasani kuona ni vipindi vingapi kati ya vilivyoandikwa vina mwalimu.